Chora Namba Zisomeke: Ushauri kwa Wanaobandika Takwimu Ukutani

Swali ni lile lile, anabadilika mwulizaji tu. Katibu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, anauliza: "Nimebandika takwimu za samaki pale mwaloni, watu wanapita tu. Nifanyeje?" Muuguzi anauliza kuhusu chanjo, mwalimu kuhusu mahudhurio, mhazini wa kikoba kuhusu marejesho. Mtendaji wa kijiji, ambaye anatakiwa kuweka mapato na matumizi hadharani, anauliza huku amekata tamaa. Ukienda kutazama walichobandika unakuta kitu kimoja: jedwali la namba kwenye karatasi ya A4, herufi kama punje za ulezi, limegongwa msumari kwenye ubao wa matangazo.

Usiseme watu wa hapa kwetu Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Rukwa, hawapendi hesabu. Mchuuzi wa dagaa anayesubiri gari la kupanda Namanyere anajua kichwani nauli, ushuru, bei ya gunia na atakachobaki nacho akifika Sumbawanga. Jedwali linamshinda kwa sababu linataka akae, atulie, alinganishe safu kwa safu. Yeye amesimama juani na beseni kichwani. Una nafasi ya kumpa kitu ambacho jicho lake litakilinganisha lenyewe kabla hajageuka. Makala hii ni ya namna ya kufanya hivyo kwa karatasi ya manila, rula na maka peni. Mwenye kompyuta naye asome, maana makosa ya kwenye kompyuta ni haya haya, yamepakwa rangi tu.

Andika sentensi kabla ya kushika rula

Wengi wanaanza kwa kuuliza: nichore mihimili au duara? Hilo ni swali la tatu. Fuata mpangilio huu:

1. Andika sentensi moja unayotaka msomaji aondoke nayo. Mfano: "Migebuka wa mwaka huu ni nusu ya wale wa mwaka jana."
2. Pigia mstari kinacholinganishwa. Hapo juu ni mwaka kwa mwaka. Pengine ni kijiji kwa kijiji, au sehemu kwa jumla yake.
3. Sasa chagua mchoro unaoweka hivyo viwili karibu.
4. Sentensi yenyewe iandike juu ya mchoro, kwa herufi kubwa, iwe kichwa cha habari.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa kuliko zote. Utakuta chati imeandikwa "Takwimu za Uvuvi Januari hadi Juni". Hicho ni kichwa cha faili. Kichwa cha chati kinasema kilichotokea. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, namba zako bado hazijasema kitu, na hakuna mchoro utakaozisemea.

Na ukijikuta na sentensi tatu, chora chati tatu. Kulundika dagaa, migebuka, ushuru na idadi ya vyombo kwenye mchoro mmoja ni njia ya uhakika ya kutosomwa.

Urefu kwanza

Jicho halilinganishi vitu vyote kwa ustadi ule ule. Mwaka 1984 Wamarekani wawili wa takwimu, William Cleveland na Robert McGill, waliwapima watu wakisoma michoro ya aina mbalimbali. Vipimo na nadharia yao vinatutosha kwa kazi ya ukutani: tunakosea kidogo sana tukilinganisha vitu vilivyosimama kwenye msingi mmoja, tunakosea zaidi kwenye pembe, zaidi tena kwenye ukubwa wa eneo, na kwenye ukolevu wa rangi ndiyo tunabahatisha kabisa.

Jaribu mwenyewe kwa Ziwa Tanganyika. Katika ripoti nyingi za uvuvi utakuta mgawanyo huu wa eneo la ziwa: Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Chora kwa duara. Kongo inapata nyuzi 162, Tanzania 147.6. Mwite mtoto wa darasa la saba umwulize ipi kubwa kati ya hizo mbili. Atazunguka na kichwa chake kama anayesoma saa iliyopinda, kisha atabahatisha.

Sasa chora mihimili: sentimita moja kwa kila asilimia moja. Kongo sentimita 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6, yote imeanzia kwenye mstari mmoja wa chini. Tofauti ya sentimita nne inaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja, na hakuna atakayehitaji kuuliza.

Ukichora mihimili, zingatia haya:

- Panga kuanzia mrefu hadi mfupi, isipokuwa kama mambo yana mpangilio wake wa asili (miezi, madarasa, umri).
- Majina marefu kama Wampembe na Korongwe yakibanana chini, laza mihimili. Majina yakae kushoto, mihimili ielekee kulia. Asiandike mtu jina la kijiji kwa kulisimamisha wima hadi msomaji apinde shingo.
- Namba yenyewe iandike mwishoni mwa kila mhimili. Mchoro unatoa picha, namba inakata ubishi.
- Upana wa mihimili uwe sawa. Mhimili mnene unaonekana mkubwa hata kama ni mfupi.

Halafu chini kabisa andika chanzo. Kwa mgawanyo huo huo wa ziwa utakuta vitabu vingine vinaipa Tanzania asilimia 46 na Kongo 40, kinyume na nilivyoandika. Mtu aliyesoma kitabu hicho akisimama mbele ya ubao wako atakuita mwongo. Ukiwa umeandika ulikotoa, mtabishana juu ya vyanzo, na huo ni ubishi wenye faida.

"Lakini duara linapendeza"

Linapendeza, na kuna mahali pake: sehemu mbili au tatu za kitu kimoja, zenye tofauti kubwa. Waliorejesha mkopo na wasiorejesha, sawa. Ukifika vipande vitano rudi kwenye mihimili. Na lile duara la kompyuta lililolazwa kama mkate, lenye ukingo mnene upande wa mbele, liache kabisa. Kipande cha mbele kinaonekana kikubwa kwa sababu ya ule ukingo, hata kama ni kidogo kuliko cha nyuma.

Picha za watu na samaki: hapa ndipo uongo unapoingia

Walimu wetu wanafundisha takwimu kwa picha tangu shule ya msingi, na ni jambo zuri, maana picha ya samaki inaeleweka hata kwa asiyesoma. Tatizo ni mtu anapoikuza picha.

Tazama sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539. Mwaka 2022 walikuwa 1,540,519, yaani mara moja na nusu na ushee. Mchoraji anachora mtu mmoja wa 2012, halafu pembeni anachora mwingine wa 2022 mwenye urefu wa mara moja na nusu. Lakini mtu hawezi kurefuka bila kunenepa, atafanana na mti wa mnazi, kwa hiyo anamwongezea na upana mara moja na nusu. Zidisha: 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Wino uliotumika umezidi mara mbili. Watu wameongezeka kwa nusu, picha inasema wameongezeka zaidi ya maradufu. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na bado ubao umedanganya.

Dawa yake inajulikana tangu miaka ya 1920, pale Otto Neurath alipoanzisha makumbusho yake mjini Vienna kwa ajili ya kuwaonyesha wafanyakazi wa kawaida hali ya jamii yao. Kanuni yake: idadi ikiongezeka, ongeza picha nyingi zaidi za ukubwa ule ule. Usiikuze picha moja.

Kwa mfano wetu, picha moja ni watu laki moja. Mwaka 2012 unapanga picha kumi. Mwaka 2022 unapanga kumi na tano. Usipojua kuchora, tumia vizibo vya soda:

1. Amua kizibo kimoja ni kiasi gani. Chagua namba nyepesi: 10, 100, 1,000. Kizibo kimoja kuwa 35 ni kumtesa msomaji.
2. Hakikisha mstari mrefu hauzidi vizibo ishirini, na mfupi usipungue viwili. Ukizidi, badili thamani ya kizibo.
3. Vipange kwa safu, kimoja chini ya kingine, nafasi sawa. Piga mistari kwa rula kwanza.
4. Kila baada ya vizibo vitano acha upenyo mdogo, watu wahesabu kwa tano tano.
5. Salio likifika nusu, weka nusu kizibo, au kipande cha kadi kilichokatwa katikati. Lisipofika nusu, liache, namba iliyoandikwa pembeni itasema.
6. Gundi iwe ya kutosha. Kizibo kikianguka mchoro umebadilika, na watoto wanavipenda vizibo.

Tukiwa bado kwenye sensa: kuna anayetaka kuongeza mwaka 2002 ili mstari uwe mrefu. Mwaka 2002 Mpanda ilikuwa bado ndani ya Rukwa, kabla ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012. Ukiweka namba ya 2002 karibu na ya 2012, chati itaonyesha Rukwa imepungua watu, kana kwamba walihama. Kabla ya kulinganisha miaka, uliza kama mipaka ilikuwa ile ile. Vivyo hivyo kwa kata na vijiji vilivyogawanywa.

Mhimili uanzie sifuri

Kanuni hii haina huruma: mhimili unasema kwa urefu wake, ukiukata miguu umeuondolea ukweli. Tuseme kijiji kimekusanya milioni 9.0 mwaka jana na milioni 9.5 mwaka huu. Mjanja ataanzisha chati kwenye 8.8, na mhimili wa mwaka huu utakuwa mrefu zaidi ya mara tatu ya ule wa mwaka jana. Kwenye mkutano atapigiwa makofi ambayo hakuyastahili.

Utaniuliza: na usawa wa maji ya ziwa je? Swali zuri, na lina jibu tofauti. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita mia saba na sabini na kitu juu ya usawa wa bahari. Miaka hii maji yalipopanda yakafukuza watu kandokando, kutoka Bujumbura hadi Kigoma na huku kwetu, yalipanda kwa mita chache tu. Ukichora mihimili kutoka sifuri, mita hizo hazitaonekana kabisa, na aliyebomokewa nyumba atakucheka. Hapo tumia mstari. Mstari unasomwa kwa kupanda na kushuka kwake, kwa hiyo unaruhusiwa kuanzia juu, mradi uandike wazi pembeni umeanzia wapi. Zaidi ya hapo, ongeza alama ambayo kila mtu anaijua: "gati lilifunikwa hapa", "maji yalifika kwenye mwembe". Mita zinapata maana.

Mambo yanayokwenda na muda

Muda uende kushoto kwenda kulia, nafasi sawa kwa muda sawa. Kosa la kawaida ni kuruka: una taarifa za 2015, 2018, 2023 na 2024, ukaziweka kwa nafasi sawa. Mteremko wa miaka mitano unaonekana sawa na wa mwaka mmoja.

Lakini kwa wavuvi kuna jambo kubwa zaidi. Uvuvi wa dagaa kwa taa, iwe karabai au za sola, unategemea giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti kitu, vyombo vinakaa ufukweni, nyavu zinashonwa. Ukichora samaki kwa wiki za kalenda, mstari utapanda na kushuka, na anayetoka nje atadhani samaki wanakwisha na kufufuka. Panga chini ya mchoro siku za mwezi mwandamo, giza kwa giza, kisha linganisha giza la Machi na giza la Aprili. Kalenda ya ofisini haivui samaki. Chagua kipimo cha chini kulingana na kinachoendesha jambo lenyewe: kwa mkulima wa mahindi kule Ufipa juu ni msimu wa mvua unaoanza Novemba na kukatiza mwaka, kwa shule ni muhula.

Kuna na suala la pengo. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwenye chati ya mwaka huo nimeona watu wanaweka sifuri, mstari unatumbukia chini na kuibuka. Wengine wanaunganisha Mei na Agosti moja kwa moja kama vile walivua. Yote mawili yanapotosha. Tofautisha hali tatu, kila moja na alama yake:

- Walivua, hawakupata: weka nukta kwenye sifuri.
- Walizuiwa kuvua: kata mstari, paka eneo hilo mistari ya mshazari, andika ndani "Ziwa limefungwa".
- Hakuna aliyeandika (karani aliugua, daftari lilinyeshewa): kata mstari, acha peupe.

Ile ya tatu inauma, najua. Wakubwa hawapendi kuona peupe. Iache hivyo hivyo.

Ushauri wa mwisho kwenye muda nauchukua chumba cha kujifungulia. Mkunga anajua patografu: anaweka alama za kufunguka kwa mlango wa kizazi saa baada ya saa. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi Salisbury ambayo leo ni Harare, waliongeza mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, huu wa pili ukiwa saa nne mbele ya ule wa kwanza. Karatasi ile ikawa inajisema: alama zikivuka mstari wa kwanza, jiandae kumpeleka mama, zikivuka wa pili, hatua ichukuliwe. Shirika la Afya Duniani sasa lina mwongozo mpya, ila fundisho linabaki. Mstari wa namba peke yake unamwacha msomaji akijiuliza kama hali ni nzuri au mbaya. Mwekee mstari wa kulinganishia: lengo la chanjo, bajeti iliyopitishwa na mkutano, wastani wa miaka mitano.

Rangi iwe ya mwisho

Rangi ndiyo ya kwanza kununuliwa na ndiyo ingetakiwa kuwa ya mwisho. Chora kwanza kwa peni nyeusi. Ikisomeka, ongeza rangi mahali pamoja unapotaka jicho liende. Isiposomeka, rangi haitaiokoa.

Zipo rangi ambazo tayari zina maana, na huna mamlaka ya kuzibadili. Kila mama aliyefika kliniki anaujua utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi 12.5 ni njano, zaidi ya hapo ni kijani. Ukija na chati ambayo nyekundu ndiyo kijiji kilichofanya vizuri, umemchanganya. Na ona utepe wenyewe: pamoja na rangi, namba zimeandikwa.

Mengine ya kuangalia:

- Siasa. Kijani na njano ni rangi za CCM, zambarau inafahamika kwa ACT-Wazalendo. Chati ya mapato ya kijiji ikipakwa hivyo mwaka wa uchaguzi, watu wataacha namba na kujadili rangi. Kijivu haina ugomvi na mtu.
- Fotokopi. Nakala itakwenda wilayani kwa nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zitatoka kijivu kile kile. Tumia pia mistari, nukta na miraba.
- Macho. Wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao hawajui.
- Jua. Wino mwekundu wa maka peni nyingi unapauka haraka ukikaa juani. Ubao wa mwaloni upake rangi ya mafuta au tumia nyeusi.
- Kiasi. Kama rangi inaonyesha wingi, tumia rangi moja kutoka hafifu hadi nzito. Upinde wa mvua hauna kubwa wala ndogo.

Ramani: nukta kabla ya kupaka

Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Soho, London, daktari John Snow aliweka alama kwa kila kifo kwenye ramani ya mtaa, na alama zikazonga bomba moja la maji la Broad Street. Kwa vijiji vyetu vya ziwani, ambako watu wanachota maji palepale wanapofulia, mbinu hiyo haijazeeka.

Huna ramani? Anzeni chini. Vijiji vilivyopitia mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo vinakumbuka: wananchi wanachora kijiji kwenye mchanga kwa majivu, mawe na majani, wanabishana, wanafuta, kisha mmoja ananakili kwenye karatasi. Kwa Kirando weka ziwa kushoto, kaskazini juu. Mtu akishaliona ziwa atajipata mwenyewe alipo.

Tahadhari mbili. Kwanza, kupaka eneo zima rangi kunalipa sauti eneo kubwa: kitongoji chenye pori pana na kaya kumi kitameza macho, na mtaa wa sokoni wenye maelfu ya watu utakuwa doa. Nukta zinasema watu walipo. Ukilazimika kupaka, paka kiwango, yaani wagonjwa kwa kila watu elfu. Ukipaka idadi tupu, Kirando yenye watu wengi itakuwa nyeusi kuliko vijiji vya jirani kila mwaka kwa kila ugonjwa.

Pili, na hili sitalirembesha: ramani ya nukta za wagonjwa haibandikwi hadharani. Nukta moja kwenye mtaa wenye nyumba nne ni jina la mtu. Ya ukutani ionyeshe mtaa kwa jumla, ya nukta ikae kabatini kituo cha afya.

Kuchagua alama

Alama nzuri inajulikana bila ufunguo. Dagaa mchore mdogo na wengi, migebuka mrefu mwembamba. Usimtofautishe dagaa na migebuka kwa rangi peke yake wakati Mungu amewapa maumbo tofauti.

Alama pia isibebe upande. Kwenye uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wagombea wawili walioshindana jimboni walipewa alama za jembe na nyumba ili asiyesoma naye apige kura. Jembe kwa mkulima si alama ya kawaida tu, na ubishi kuhusu ipi ina bahati haukukosekana. Ukichora vijiji viwili, kimoja kwa jogoo na kingine kwa panya, usishangae wa panya wakisusia mkutano.

Aina tano za alama kwa mchoro mmoja zinatosha. Ukifika ya saba, msomaji anashinda kwenye ufunguo kuliko kwenye mchoro.

Mnayonipinga nayo

*"Watu wetu hawakusoma."* Hawakusoma jedwali. Mhimili mrefu na mfupi haudai cheti, na vizibo vinahesabika kwa kidole.

*"Kompyuta itanichorea."* Itachora, na itakuwekea kivuli, unene na rangi nane ambazo hukuziomba. Ondoa vyote, angalia mhimili umeanzia wapi, badili kichwa.

*"Nikichora wazi hivyo, viongozi watanuna."* Inawezekana. Onyesha rasimu kabla ya kubandika, waambie watakosoa namba na siyo mchoro. Namba ikiwa sahihi ibaki. Wakikutaka ukate miguu ya mihimili, kataa kwa adabu, sema kanuni haziruhusu. Kwa kweli haziruhusu.

*"Sina muda."* Chati moja kwa mwezi. Moja iliyosomwa inashinda kumi zilizobandikwa.

Kabla ya kugonga msumari

Mwite mtu ambaye hakuwepo ukichora. Msalimie, msimamishe hatua tano kutoka kwenye mchoro, hesabu polepole hadi ishirini, kisha uufunike. Muulize:

1. Huu mchoro unasema nini?
2. Nani kapata zaidi, na ni kwa kiasi gani hivi?
3. Kuna alama ambayo hukuielewa?

Usimweleze chochote kabla hajajibu. Ukimwona anakisia akikutazama usoni, mchoro haujaiva. Akijibu tofauti na sentensi uliyoandika mwanzo, rekebisha mchoro, usimlaumu yeye. Jaribu kwa watu watatu wasiofanana: mmoja asiyesoma, mmoja mzee asiyeona vizuri, mmoja mbishi. Yule mbishi ana thamani kuliko wote.

Mwisho, kwenye kona ya chini kulia andika vitu vitatu: namba zimetoka wapi, nani amehesabu, na tarehe. Chati isiyo na tarehe iondoe hata kama ni nzuri, na yenye tarehe ya zaidi ya mwaka ibadilishe wiki hii, kabla hujachora nyingine mpya.